Usiku Ulioandikwa Juu ya Asubuhi

Jalada lilikuwa limekwisha. Inspekta alilipima kwa kiganja, akaona lina uzito wa kuridhisha, akalirudisha mezani karibu na chai iliyopoa tangu alfajiri. Saa nane mchana lingepelekwa mahakamani pamoja na mtuhumiwa, na yeye angekwenda nyumbani kulala. Ilikuwa siku ya nane tangu mchapaji wa kalenda aokotwe amekufa chini ya ngazi za stoo ya kiwanda chake, na siku zote hizo Inspekta alikuwa akilala usingizi wa mang'amung'amu, soksi miguuni. Alikuwa amechoka mpaka anachukia mlio wa kiti chake mwenyewe.

"Yule mama bado yuko nje," Koplo alisema. Koplo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwandiko mzuri, mdomo mkavu. "Kaja na nguo. Hataki kuingia."

Inspekta alitoka koridoni. Binti wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi, mfuko mapajani. Aliyekufa alikuwa baba yake, na aliyefungiwa humo ndani kwa kumuua alikuwa mume wake. Mtu akipata msiba wa namna hiyo hajui hata alie upande gani.

"Mpe hizi," alisema. "Shati, suruali, mswaki. Asisimame mbele za watu amechakaa. Ila usimwambie nimekuja."

"Hutaki kumwona?"

"Nimwone nimwambie nini, afande? Yeye anaapa alikwenda kwa baba Jumatatu jioni. Nyinyi mkanionyesha imeandikwa Jumanne. Si wewe uliyeniambia daftari halidanganyi?"

Ni yeye. Alikumbuka hata kidole alichokuwa amekiweka kwenye mstari.

"Jumanne hiyo mchana nilimpelekea baba chakula," mama akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuisimulia habari hiyo mara nyingi. "Akala akamaliza, na siku hizi alikuwa hamalizi. Akaniambia, mwanangu, mwaka umeanza vizuri. Saa sita baadaye mume wangu anamsukuma kwenye ngazi." Akamsukumia Inspekta mfuko. "Chukua, tafadhali."

Inspekta alichukua. Alirudi ofisini akauweka mfuko juu ya kabati la chuma, akakaa, akamwambia Koplo wamalize kazi ya ukarani iliyobaki: kulinganisha kila kielelezo na orodha yake kabla jalada halijafungwa. Picha za ngazi, tatu. Ripoti ya daktari: marehemu alisukumwa kifuani, akaanguka, akafa Jumanne kati ya saa moja na saa tatu usiku. Kielelezo cha nne, daftari la getini.

Daftari hilo liliwasumbua tangu mwanzo. Bawabu wa kiwanda, mzee wa miaka sabini na ushei, aliandika tarehe kwa kufuata mwezi wa angani, na bosi wake hakuwahi kumkataza, maana bosi mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kalenda. Ile aliyoichapa kila mwaka ilikuwa na duara jekundu kila mahali ambapo mwaka wa watu fulani unaanza. Januari mosi, bila shaka. Mwandamo wa mwezi wa kwanza, ambao kila mwaka unarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Siku ile ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Na Septemba, kwa wale ambao mvua zikikatika ndipo huhesabu mwaka mpya. Miaka mipya minne kwenye karatasi moja ya ukutani. Basi polisi, ambao mwezi wanautazama umeme ukikatika tu, walimwomba Mwalimu awageuzie tarehe za daftari. Mwalimu alikuwa mstaafu wa somo la hesabu, na ndiye aliyempigia marehemu hesabu za kalenda kwa miaka thelathini. Akalisoma daftari kituoni, mezani kwa Inspekta, akawatengenezea jedwali safi, akatia sahihi chini.

"Soma," Inspekta alisema, kalamu mkononi, macho kwenye jedwali.

"Tarehe moja, mwezi wa kwanza," Koplo akasoma kutoka daftarini. "Mkwe wa bosi. Kaingia saa moja usiku, katoka saa mbili kasorobo."

"Huyo ni wa mwisho. Anza na gari la karatasi."

"Gari la karatasi halianzi, afande. Linafuata."

Inspekta aliinua kichwa. Kwenye jedwali la Mwalimu, chini ya Jumanne, mambo yalikuwa yamepangwa vizuri: gari la karatasi saa tatu asubuhi, binti wa bosi na chakula saa saba mchana, mkwe saa moja usiku. Alizunguka meza akasimama nyuma ya Koplo. Kwenye daftari, kwa wino wa bluu wa bawabu, tarehe ilikuwa ile ile moja kwa wote watatu, lakini mkwe alikuwa juu, gari katikati, binti chini.

"Mwalimu kazipanga saa zifuatane," Inspekta alisema. "Kuna ubaya gani?"

"Hakuna. Ila huyu babu anaandika mtu akiingia, na haachi mstari wazi hata mmoja, nimetazama kurasa ishirini. Sasa aliwezaje kumwandika mtu wa usiku juu ya mtu wa asubuhi? Alitabiri?"

Koplo akashusha kidole mstari mmoja zaidi, hadi ule ambao hakuna aliyewahi kuushughulikia, kwa sababu walikuwa wameagiza jedwali liishie siku aliyokufa marehemu.

"Tarehe mbili. Mwalimu. Kaingia saa moja na nusu usiku, katoka saa mbili na robo."

"Tarehe mbili ni Jumatano," Inspekta alisema. "Alikwenda kutoa pole."

Koplo alifungua bahasha ya vielelezo, akatoa stakabadhi, akaiweka juu ya daftari. Daftari lilichukuliwa kiwandani Jumatano, saa tano asubuhi. Sahihi ilikuwa ya Inspekta. Tangu siku hiyo kila usiku lilikaa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake.

"Nani alifungua kabati usiku ule akaandika?" Koplo aliuliza.

Inspekta alichukua kofia yake. Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu.

*

Bawabu alikuwa amekaa kwenye kiti chake getini, anaipaka mafuta kufuli ya lango ambalo siku hizi halifunguliwi na mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Mzee, mkwe wa bosi alikuja lini?"

"Tarehe moja. Imeandikwa."

"Jumatatu au Jumanne?"

"Jumatatu, jua limeshazama."

"Basi hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka wenu wa zamani. Duara jekundu liko Jumanne."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa. "Duara liko Jumanne kwa sababu karatasi haina mahali pa kuweka usiku. Jua likizama, siku imekwisha. Jumatatu jua lilipozama, mwezi ulikuwa umeandama, mwaka mpya ukawa umeingia. Mkwe alipopiga hodi hapa, mwaka wenyewe ulikuwa haujatimiza hata umri wa saa mbili. Wewe ile saa unaiitaje?"

"Saa moja."

"Ya kwanza ya nini? Ofisini kwenu mnasema siku inaanza usiku wa manane. Mbona saa mnaanza kuhesabu pale jua linapozama?"

Inspekta alikuwa ameitaja saa hiyo maisha yake yote na hakuwahi kuulizwa. Akaegemea nguzo ya lango. Kwa hiyo mistari ya usiku ilirudi nyuma siku nzima, na ya mchana ilibaki palepale. Mkwe alikuja Jumatatu usiku. Gari na binti walikuja Jumanne mchana. Na aliyeandikwa tarehe mbili usiku alikuja Jumanne, usiku ule wa kifo.

"Kwa nini hukutuambia, mzee?"

"Niliwaambia. Nilisema bosi alikufa tarehe mbili. Aliyekuwa anaandika maelezo yangu akasema babu umechanganyikiwa, akakata mbili akaandika moja."

Koplo alikuwa anatazama viatu vyake. "Ni mimi, babu."

"Najua ni wewe, mjukuu wangu. Nilikuwa nakusitiri."

"Na mtu amefungwa siku nane ukakaa kimya," Inspekta alisema. Hakutaka kuwa mkali, lakini uchovu ulimponyoka.

"Niliambiwa amekiri."

"Na nani?"

"Mwalimu. Kila jioni anapita hapa kunijulia hali. Juzi nilitaka kuja kwenu, akaniambia miguu yako hiyo babu, utahangaika bure, mkwe amekwisha kukiri." Mzee aliacha kupaka mafuta. Inspekta aliona jambo linamwingia polepole, na hakulifurahia. "Mimi nilishangaa. Maana Jumatatu ile bosi na mkwe wake walitoka wote wawili mpaka hapa getini wanacheka. Bosi alikuwa na mambo yake. Kila mwaka mpya, wa kalenda yoyote, anamwita mtu mmoja aliyegombana naye, wanapatana. Alisema mwenye mwaka mpya mmoja tu, Januari ikimpita, anakaa na kinyongo miezi kumi na miwili. Yeye alikuwa na nafasi nne."

Hayo mkwe aliyasema siku ya kwanza kabisa: mzee aliniita mwaka mpya tupatane, nikaenda Jumatatu. Na Inspekta ndiye aliyembana: mwaka mpya ulikuwa Jumanne, bwana, sasa tukuamini lipi? Mkwe, fundi viatu aliyejua kalenda moja tu, akakosa la kusema. Jumanne usiku alikuwa peke yake kibandani kwake, na soli za viatu hazitoi ushahidi.

"Na Mwalimu? Jumanne usiku?"

"Huyo hakuitwa kupatana. Aliitwa kwa kazi."

Aliwaongoza ndani. Kiwanda kilinuka wino na karatasi. Kalenda za mwaka ujao zilikuwa zimepangwa marundo hadi dirishani, nakala elfu tisa, na juu ya meza ya pembeni palikuwa na mashine ndogo ya mkono, herufi zake za chuma zimefungwa tayari kwenye fremu, zimegeuka kama maandishi kwenye kioo. Inspekta aliziona siku ya kwanza akapita. Koplo alipaka wino kwa roli, akalaza kipande cha karatasi, akashusha mkono wa mashine.

*Tunaomba radhi. Mwaka unaoanza Septemba utaingia tarehe 12, si 11 kama ilivyochapwa. Kosa ni la mpiga hesabu wetu.*

Koplo alichomoa kalenda moja kwenye rundo, akaifunua Septemba. Duara jekundu lilikuwa kwenye kumi na moja.

"Siku moja," alisema.

"Siku moja tu," bawabu alisema. "Kila baada ya miaka minne hiyo siku inasogea. Mwalimu alilijua hilo kabla nyinyi hamjazaliwa. Macho yamezeeka."

*

Mwalimu aliwakaribisha sebuleni. Nyumba ilikuwa kimya, meza imejaa karatasi zenye miraba, penseli tano zimechongwa sawasawa. Aliwauliza kama wanakunywa chai. Wakasema hapana.

Inspekta alilaza jedwali mbele yake. "Mwalimu, kwenye kalenda ya mwezi, siku inaanza lini?"

"Hilo ni swali la darasa la nne."

"Nijibu kama mwanafunzi wa la nne."

Mwalimu alichukua penseli, akaitazama ncha. "Jua likizama."

"Jedwali lako linasema usiku wa manane."

"Basi niliteleza. Kuteleza si kuanguka, Inspekta."

"Mtu anayejua mwaka unaanza lini kwa kalenda nne, anasahau siku inaanza lini kwa moja?"

"Uzee."

"Ningeukubali uzee. Hata mimi unanibishia hodi. Lakini daftari ulikuwa nalo mkononi. Mkwe ameandikwa juu, chini yake gari, chini yake binti. Wewe ukamtoa mkwe juu ukamshusha chini. Anayeteleza hapangi mistari upya."

Mwalimu aliirudisha penseli mahali pake, akainyoosha iwe sambamba na zile nyingine.

"Na mstari uliofuata ulikuwa wako," Inspekta akaendelea. "Jumanne. Saa moja na nusu usiku."

"Mliniambia nigeuze mpaka siku aliyokufa. Nikaishia pale mlipotaka."

"Kweli. Kamba tulikupa sisi."

Koplo aliweka mezani kile kipande cha karatasi, wino haujakauka vizuri. Mwalimu alikisoma, akakisoma tena. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayefafanua ubaoni.

"Miaka thelathini. Madukani, ofisini, majumbani, watu wanaanza mwaka kwa hesabu zangu. Sikuwahi kukosea duara hata moja. Nilimwambia, andika kosa la mtambo. Akasema mtambo haupigi hesabu. Nikamwambia, basi andika kosa la kiwanda. Akasema ukweli haumuui mtu, Mwalimu. Akaanza kupanda ngazi kwenda stoo kuchukua karatasi za kuchapia hicho. Nikamfuata. Tulifika juu, akanigeukia, mgongo wake kwenye ngazi, nikamsukuma. Nilitaka asichape tu usiku ule."

"Alikuwa hai ulipomwacha?"

"Sikutazama."

Inspekta alihisi hasira, na nyuma ya hasira alihisi uchovu mkubwa zaidi, maana hasira nayo inataka nguvu.

"Kosa moja haliachi mke, Mwalimu."

"Mke, labda."

"Na mkwe wake? Angeozea jela."

"Nilifikiri mtagundua." Mwalimu alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nalala na nguo. Kila siku nasema, leo mtu atalifungua lile daftari asome kwa macho yake. Siku nane, Inspekta. Hakuna aliyelisoma."

Koplo alimsimamisha, akamfunga pingu. Mwalimu aliomba azime taa ya mezani kwanza. Akaruhusiwa.

*

Saa saba na nusu Inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka, akamwambia jalada halitakuja, litakuja jingine.

"Kosa liko wapi?"

"Kwenye siku. Tulikosea siku moja."

"Nani alikosea? Lazima niandike kitu."

Koplo, aliyekuwa anasikia, alinong'ona: "Mwandike Mwalimu. Si ndiye aliyetupotosha?"

Ingekuwa rahisi, na isingekuwa uongo. Inspekta alikitazama kile kipande cha karatasi chenye wino, kilichokuwa sasa kielelezo cha tisa.

"Andika mimi," alisema kwenye simu. "Daftari lilikuwa kabatini kwangu siku nane, sikulisoma. Nilisoma jedwali la mtu mwingine."

Alikata simu. Hakuna kilichotokea. Kiti kililia vilevile alipoinuka.

Binti wa marehemu alikuwa bado kwenye benchi, mikono mitupu mapajani, anasubiri saa nane ili amwone mumewe akipitishwa bila yeye kuonwa. Inspekta alikaa kando yake. Magoti yalimuuma.

"Nilikwambia daftari halidanganyi," alisema.

"Ulisema."

"Halikudanganya. Mimi ndiye niliyekudanganya, kwa kutokulisoma. Nisamehe." Alilifungua mapajani mwake. "Naomba usome mwenyewe. Huyu wa juu ni nani?"

"Mume wangu."

"Chini yake?"

"Gari la karatasi."

"Na chini yake?"

"Mimi." Aliweka kidole kwenye jina lake: *binti wa bosi na chakula.* Kikabaki hapo.

"Bawabu anaandika mtu akiingia. Mumeo alikuja kabla yako. Jumatatu jua likiwa limezama, pale mwaka wa mwezi unapoanza. Baba yako alimwita wapatane. Wakapatana. Bawabu aliwaona wanatoka wanacheka. Kesho yake mchana ukaja wewe, baba yako yuko hai, ukampa chakula. Aliyemuua alikuja baada yako, jioni ile. Tunaye. Ni Mwalimu."

Midomo ya mama ilikuwa ikitembea, kama anayehesabu upya jambo alilolihesabu vibaya.

"Ndiyo maana alimaliza chakula," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Aliniambia mwaka umeanza vizuri. Mimi nikadhani ni mazoea yake tu, kila baada ya miezi mitatu anasema mwaka umeanza." Akajifuta uso kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Zile nguo umempa?"

Inspekta aliona aibu. Mfuko ulikuwa bado juu ya kabati. "Bado. Naenda sasa hivi."

"Mpe," alisema. "Na umwambie nimekuja."